Redio Isiyochomolewa

Jumamosi, 2 Novemba

Nimelisha kuku. Nimepanda juu ya tangi kukaza waya wa antena, upepo wa mtaa wetu wa Ngokolo haujali mtu. Halafu chai, halafu redio. Kama kila Jumamosi.

Mashindano ya Morse, ile lugha ya nukta na vistari, ni tarehe 23, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa tisa ya kesho yake. Anayewasiliana na vituo vingi ndiye mshindi. Mwaka jana sikushiriki, wala mwaka juzi. Mwaka huu nimejiandikisha kwa jina langu la hewani, zile herufi na tarakimu ambazo mamlaka humpa kila mwenye leseni. Peke yangu. Zamani tulikuwa wawili, mimi na Shija, mume wangu, tukipokezana kiti.

Sasa niamue redio. Ya Shija imechoka. Ikituma muda mrefu inachemka na nguvu zinashuka. Hamisi wa Geita, rafiki yake, ana mpya na yuko tayari tubadilishane. Anapenda redio za zamani, anazifufua. Mtu mwenye akili angekubali siku ileile.

Mimi sina akili. Redio ya Shija ina kitufe cha memori ya kwanza. Ukikibonyeza, inatuma mwito aliourekodi kwa mkono wake mwenyewe: naita wote, jina lake la hewani mara mbili, njoo. Kila mgongaji wa Morse ana mkono wake kama watu walivyo na mwandiko. Wa Shija unachelewa kidogo kabla ya herufi ya mwisho, kama mtu anayefuta miguu mlangoni.

Betri ndogo ya ndani, ile inayotunza memori, ilikufa zamani. Redio ikikosa umeme hata kidogo, mwito unafutika. Kwa hiyo tangu Shija afe sijaichomoa kwenye betri ya sola. Hata vumbi la nyuma sifuti.

Jumatatu, 4 Novemba

Cherehani ya Mama Neema, jirani, imegonga jina la Shija. Najua haijagonga. Nilisimama uani na ndoo mkononi mpaka ikanyamaza.

Wiki iliyopita ilikuwa maji yakidondoka kwenye pipa. Kabla ya hapo, chaki yangu mwenyewe ubaoni, mbele ya kidato cha tatu. Sijamwambia mtu. Wataniombea, na maombi yao yana kelele.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua ya radi. Kila mwenye redio anajua: radi ikianza, chomoa antena, chomoa umeme, kaa mbali. Nimechomoa antena, nikatupa waya nje ya dirisha. Umeme sikuchomoa.

Paneli ya sola iko juu ya bati. Radi ikipiga pale inashuka na waya hadi ndani. Nafundisha fizikia, nachora jambo hilo ubaoni, nawagombeza wasiosikiliza. Halafu nikakaa pembeni ya redio, mkono juu yake, kama ninavyomshika mwenye homa. Nguzo moja ya njia ya sokoni imepasuka. Harufu ilifika mpaka ndani.

Naogopa kufa. Naogopa zaidi kubonyeza kile kitufe kisiseme kitu.

Jumamosi, 9 Novemba

Geita, kwenda na kurudi. Nimechoka.

Gari lilipita Kharumwa. Nilifumba macho, nikafumbua mapema mno. Maduara yapo palepale, mashimo ya wachimbaji yaliyofunikwa turubai za bluu, watu wanapanda na kushuka. Shija hakuwa mchimbaji. Alikwenda kutengeneza pampu ya maji, akashuka kuangalia bomba, duara likajifunga. Walipomtoa nikaambiwa nisimtazame. Nikatii. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

Hamisi amejaa mvi. "Karibu shemeji, pole na safari. Kaa hapa, usiseme kitu, sikiliza kwanza." Akanivalisha spika za masikioni.

Redio mpya ingeenea kwenye mkoba wangu wa shule. Chujio lake linabana mpaka inabaki sauti moja tu. Kituo chenye nguvu kikinguruma pembeni, kile dhaifu hakizami. Umeme inalamba tu. Na kubwa kuliko yote, inasikia katikati ya nukta. Kila unapoachia kigongeo cha Morse masikio yanafunguka, mtu akikuingilia unamsikia kabla hujamaliza. Ya Shija haiwezi. Ikituma inakuwa kiziwi mpaka imalize, na hata hapo inachelewa kuzinduka.

Nimechukia jinsi nilivyoipenda.

"Ile ya marehemu ni chuma, shemeji," Hamisi alisema. "Lakini utabebana nayo masaa yote hayo kama unabeba mgonjwa."

Nikamwuliza kama betri ya ndani inaweza kubadilishwa bila kuchomoa umeme. Akaelewa, maana naye aliujua mkono ule.

"Ya aina hiyo haiwezekani. Sitakudanganya."

Jumapili, 10 Novemba

Kabula amepiga simu kutoka Maganzo, kwenye duka lake. Mwanangu ana majibu ya kila kitu. "Mama, si urekodi tu kwenye simu? Kisha umpe mzee Hamisi hiyo redio, upumzike."

Nimerekodi. Sauti safi kabisa. Nimeisikiliza mara moja nikaiweka simu kifudifudi mezani. Ni kelele tu ya Shija. Simu haina antena, haimwiti mtu. Ile redio, hata nikiwa nimeinyamazisha, naijua inaweza kumtoa hewani mpaka ng'ambo.

Si kwamba namtoa. Jina la marehemu halitumwi hewani, ni kosa na ni uongo. Nikitaka kumsikia nageuzia swichi kwenye kopo la majaribio, kopo la rangi lenye kipinga umeme ndani ya mafuta. Linameza nguvu yote, hakuna kinachotoka nje ya chumba. Shija alilitengeneza mwenyewe, likavuja kwenye zulia, tukanuniana.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeamua. Nabaki na ya Shija. Nimempigia Hamisi, amesema sawa kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali.

Jumamosi nitaipima joto. Itume mfululizo kama kwenye mashindano, kwenye kopo. Ikivumilia, mjadala umekwisha.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimeota nimechomoa. Niliamka nikaenda kuangalia taa ndogo ya kijani inayoonyesha redio ina umeme. Inawaka. Nina hasira na Shija. Kwa nini alishuka? Bomba lingeangaliwa na mwenye duara.

Jumamosi, 16 Novemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa kumi jioni niliwasha, nikabonyeza memori ya kwanza na kukishikilia kitufe, redio ikaingia kwenye kurudia: inaita, inanyamaza kidogo, inaita tena. Ningeweza kupimia kwa mwito wangu. Sikutaka. Nilitaka kumsikia akiwa chumbani nikiwa jikoni, kama zamani. Hiyo ndiyo sababu, nisijidanganye.

Nilibandika michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Nikamenya karanga. Shija akaita, akaita. Nilikuwa na furaha. Aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikarudi kushika ubavu wa redio nione joto. Ilikuwa ya moto. Ikanyamaza kwa ile nafasi yake fupi, na kwenye nafasi hiyo, ndani ya spika, mkono mwingine ukagonga jina la Shija.

Kisha mkono wa pili. Kisha wengi kwa pamoja, wamerundikana, kila mmoja anamwita. Halafu Shija akaita tena, juu yao wote.

Niliangalia swichi. Ilikuwa kwenye antena. Baada ya kurekodi kwenye simu Jumapili niliirudisha kwenye antena na sikuigeuza tena. Muda wote huo, nikimenya karanga, mume wangu alikuwa hewani anaita dunia.

Nilizima kurudia. Nilitaka kuzima kila kitu nikimbie. Lakini walikuwa wanamwita. Mmoja alikuwa na nguvu kuliko wengine, Pekka, Mfini, tulikuwa tukikutana naye kila mashindano. Alituma polepole, kwa Kiingereza chetu kilekile cha vifupisho: SHIJA UMERUDI. KARIBU. TULIKUTAFUTA.

Nikakosea jina langu mwenyewe. Nikaanza upya. Nikatuma jina langu la hewani. Nikatuma: SHIJA AMEKUFA. MIMI MKEWE. MLICHOSIKIA NI MEMORI YA REDIO. NI KOSA LANGU. SAMAHANI.

Sijawahi kumwambia mtu hivyo. Msibani watu walikuwa wanajua tayari, walikuja wakiwa wanalia. Hawa niliwaambia mimi, herufi moja moja, na ilibidi nizimalize.

Hata wale wa pembeni walinyamaza. Kisha nukta mbili, zile tunazoagania hewani. Kisha nukta mbili za mwingine, mbali. Zikaendelea kuingia, nyingine zimefifia kabisa. Nilizipokea zote nimesimama.

Mwisho akabaki Pekka. Akatuma: POLE SANA. NILIONA KITU HAKIKO SAWA. SHIJA AKIITA HUWA ANASIKILIZA. HUYU HAKUSIKILIZA.

Michembe imeungua yote.

Jumapili, 17 Novemba

Sikwenda kanisani.

Hakusikiliza. Nimelirudia neno hilo siku nzima. Waliitikia, akawakanyaga kwa kuita juu yao. Waliitikia tena, akawakanyaga tena. Shija ambaye angeacha ushindi uende ili ampate mtu dhaifu mmoja, akimwomba arudie, arudie, mpaka namvuta shati. Nimekaa miaka na kitu kinachoita tu. Nimekilinda na radi.

Nimekasirika. Pia nimepungukiwa na kitu. Vyote viwili.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimempigia Hamisi. Nikamwambia aje Jumatano. Hakuuliza kwa nini. "Nitakuja, shemeji. Na nyama nitaleta mimi."

Jumatano, 20 Novemba

Hamisi amefika mchana na redio mpya kwenye boksi, imefungwa kwa kitenge cha mkewe. Nikampa maji ya kunywa. Nikamwambia naomba nibaki chumbani peke yangu. Akasema anakwenda kuwaona kuku. Hamisi hana haja yoyote na kuku.

Nilihakikisha swichi iko kwenye kopo. Nikarudi nikahakikisha tena. Nikabonyeza memori ya kwanza, nikashikilia.

Akaita. Ule uchelewaji wake, kisha herufi ya mwisho. Redio ikanyamaza kwa nafasi yake. Nikachukua kigongeo nikamjibu, kwa jina langu, kama mgeni. Nikasubiri.

Akaita tena.

Nikachomoa.

Sikusikia lolote la ajabu. Taa ya kijani ilizimika, basi. Baada ya muda nikarudisha umeme ili nijue kwa hakika. Nikabonyeza. Hakuna kitu. Saa ya redio inasoma sifuri. Nilitegemea nitalia. Nilihisi njaa.

Hamisi alipoibeba ile redio aliona vumbi la nyuma, nene. Akatoa leso yake akalifuta palepale, taratibu, kabla ya kuitia kwenye gari. Akasema, "Jina lake sitalituma kamwe." Nikamwambia najua. Nyama ilikuwa ngumu, tumekula hivyohivyo.

Ijumaa, 22 Novemba

Redio mpya ina menyu kama simu. Nimeitukana. Jioni tumeanza kuelewana. Memori zake nimeziacha tupu, nitagonga kwa mkono mwanzo hadi mwisho. Kabula anasema nitavimba kifundo cha mkono. Acha kivimbe.

Jumapili, 24 Novemba

Yamekwisha. Masikio yanavuma, kifundo kimevimba.

Redio ilikuwa nzuri. Ilinipa watu ambao ile nyingine isingenipa, sauti nyembamba za visiwani, mtu mmoja wa Chile ambaye nilimwomba arudie mpaka nikampata. Wengine walipokuwa wananiingilia niliwasikia, nikaachia kigongeo, nikawapa nafasi.

Pekka alipita asubuhi. Kwenye mashindano hakuna mazungumzo, unatoa ripoti na namba, unapokea, unaondoka. Akanipa yake, nikampa yangu. Nukta mbili. Akaenda kwa mwingine. Wengi wa wale wa Jumamosi ile walipita pia, niliwatambua. Hakuna aliyemwuliza Shija. Walikuwa na haraka, nami nilikuwa na haraka. Nilikuwa kituo kama kituo kingine chochote.

Saa tisa ilipofika nikazima. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Maganzo. Nikachomoa antena, nikachomoa umeme, nikasukuma waya mbali na meza, nikaenda kuanua nguo. Nilikuwa nimeshafika uani, shuka moja begani, ndipo nilipotambua nimechomoa bila hata kuangalia.

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nimelia pale mpaka matone ya kwanza, kisha nikaingiza nguo ndani.