Mlingoti Wetu

Bububu, Jumanne, 1967

Mkono umenivimba, lakini sijutii.

Leo zamu yangu ilikuwa botini, tukivuta kwa kamba ndefu chelezo cha shabaha ya mazoezi ya mizinga. Wimbi liliuvunja mlingoti wa chelezo nasi hatukujali. Kumbe darubini ya kupimia masafa, kule pwani kwenye mzinga, hutaka kitu kilichosimama wima. Kilichosimama kilikuwa mlingoti wetu tu.

Kombora la kwanza lilitupita juu, likaangukia mbali. La pili likaanguka kabla ya kutufikia. Nahodha wetu, Haji, aliijua hesabu hiyo kama mimi: la tatu huwekwa katikati. Akashika shoka, akaanza kuukata mlingoti.

Hakuwahi. Kombora lilimkata yeye. Alasiri tumezika tulichokiokota.

Niliposhuka pwani nilimvamia Makame, mpimaji, nikampiga mpaka meno yake yakaanguka mchangani. Akawa analia, "Wallahi ndugu yangu, nlipima sawasawa!"

Kweli, alipima sawasawa. Hilo ndilo linaloniuma.

Mkuu kasema mazoezi yanaendelea. Naiogopa nafsi yangu. Kesho Makame atakuwa botini, na anayepima ni mimi.