Dole Gumba Kwenye Chuma

Mbagala, Temeke

Shikamoo Mama,

Natumai mvua imewaachia njia ya kupita na kifua chako kimetulia. Ile dawa unaimeza mwenyewe, au bado unawagawia majirani? Mimi mzima, ila viganja siku hizi ni sugu tupu.

Unajua karakana hii ya visu ilinichukua kwa majaribio. Fundi Zuberi, mwenye karakana, alisema nitengeneze kisu kimoja peke yangu, mwanzo hadi mwisho. Kikifaa nabaki, kisipofaa napanda basi la kurudi Upare. Niliogopa, Mama, sikufichi.

Nilichukua tupa kuukuu nikaifua, nikaipaka udongo mgongoni ili mgongo ubaki laini, kama alivyofanya marehemu Baba, nikaichoma hadi ikaiva, nikaizamisha kwenye mafuta. Kisha nikaisugua mpaka ikang'aa. Ukikitazama kisu hapo ni cheupe tu. Ndipo Fundi huleta beseni la asidi iliyozimuliwa kwa maji. Asidi hula chuma kilichokomaa tofauti na chuma laini, hivyo kazi yako inatokea wazi, nzuri au mbovu. Ila kisu kikishaoshwa kwa sabuni na spiriti, ni marufuku kukigusa.

Nami nikakigusa. Unakumbuka Baba alivyokuwa hakiachi kisu kitoke mkononi mwake bila kukipitishia dole gumba ubavuni, kukiaga? Nilikiaga bila hata kufikiri, nikakitumbukiza.

Kilipotoka, sijui nikwambieje. Upande wa makali ulikuwa umekolea kijivu, mgongo umebaki mweupe, na katikati yake mstari unapinda taratibu, una ukungu kama wa milimani kwetu asubuhi. Sikuuchora mimi. Ulikuwa humo tangu kwenye moto. Na karibu na ncha, pale kidole kilipoishia, alama ya dole gumba langu, nyeupe, na vijistari vyake vyote. Mafuta ya ngozi yaliizuia asidi.

Fundi akakigeuzageuza. "Sista, umekishika."

"Nimekishika, Fundi. Nisamehe."

"Hiki mteja hachukui. Ila mstari huu, nani kakufundisha?"

"Baba yangu."

"Yeye aliwahi kuuona?"

Kwetu hatukuwa na asidi. Alifua visu maisha yake yote, vyote vina mstari huu ndani, na hakuuona hata mmoja. Nililia palepale mbele yake.

Fundi akaningoja nimalize, akasema kesho niwahi, kuna kazi ya bucha la Tegeta. Basi nimebaki.

Nisalimie dada Neema na shemeji mwalimu, na mjomba wa duka la mbegu, mwambie sijasahau utani wake. Kisu Fundi kaniachia, nami nimempa binti wa jirani yetu anayekuja huko likizo akuletee. Usikitumie kwanza. Nenda nacho pale migombani kwenye kaburi la Baba, ukigeuze kwenye jua, umwonyeshe.

Mwanao anayekupenda,
Namkunda