Senti Zako za Tundu, Mama

Mama, shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, ila mdomo wangu umezoea kukuamkia kabla ya jambo lolote, na siwezi kuufundisha adabu nyingine leo.

Nakuandikia nikiwa nyuma ya jiko, hapa hapa Kamuli, mahali ulipokuwa ukimenyea ndizi. Kigoda chako nakikalia mimi. Usinune. Nilikiacha wazi miezi mitatu baada ya kukuzika, kuku wakaanza kukipanda na kukichafua, nikaona afadhali mimi kuliko kuku.

Nyumbani ni kwema. Baba anakula. Kila siku analalamika kwamba maharage yangu hayajafika yako, kisha anafuta sahani kwa kidole. Kahawa imebeba vizuri. Ule mgomba ulioinamia choo, uliotaka ukatwe tangu mwaka juzi, mwanao, mume wangu, hatimaye ameukata, na amejisifu kama aliyejenga kanisa. Na Projesti, kitinda mimba wako, ameoa! Amemwoa Editha, yule binti wa Igurwa uliyemwona mara moja tu kanisani ukasema, "Huyu anatembea kama mtu aliyeacha kazi nyumbani." Ungefurahi sana. Ningependa ungekuwepo. Nimeliandika hilo mara moja na sitalirudia, maana nikilirudia nitalowesha karatasi.

Ninalotaka kukueleza hasa ni habari ya senti.

Wewe unazijua kuliko mimi, lakini acha nizitaje, kuzitaja kunanipa raha: sarafu za senti kumi za zamani, za enzi za mkoloni, za shaba, zenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu zinazolizunguka tundu. Bibi yake Baba alizipata kwa kahawa yake mwenyewe akazitunga kwenye uzi, na tangu hapo kila mwanamke anayeolewa nyumba hii huvishwa shingoni siku anayoingia, akakaa nazo mwezi mmoja, kisha akazirudisha kwa mama mkwe. Mimi ulinivisha miaka kumi na moja iliyopita. Nilikuwa nimetoka Muleba na Kihaya changu, tofauti na kilugha cha hapa, wifi zangu wakiniiga kwa kicheko, na wewe ukanipakata mapajani, kama ilivyo desturi ya kumpokea bibi harusi, nikiwa mzito kama gunia la mihogo, hukulalamika.

Halafu nikaharibu. Mwezi ulipokaribia kuisha nilitaka nikurudishie senti zinazong'aa, ili useme umepata mkwe msafi. Nikakamua ndimu, nikatia chumvi na majivu, nikachukua na ile stili waya ya kusugulia masufuria. Nilianza na moja. Ilibadilika rangi ikawa nyekundu kama kidonda kipya, nikaona raha, nikazidi kusugua. Nilipoisuuza, pembe za ndovu hazikuwepo. Ilikuwa bapa kama kifungo cha koti. Ukatokea mlangoni, ukaiangalia, ukaniangalia, ukanyoosha mkono nikakupa zote. "Waitu, basi," ulisema, yaani jamani, basi. Hilo tu. Senti zikaingia kwenye kopo, kopo likaingia sandukuni, na katika miaka kumi na moja sikuziona tena.

Nilikupenda, Mama, na najua ulinipenda. Ulinifundisha kupanda migomba, kuchagua kahawa, hata kumnyamazisha mwanao anapoanza hotuba zake. Lakini kila ulipofungua lile sanduku ulinituma nje: nenda katazame mbuzi, nenda kachote maji. Nikajua kuna jambo moja hutaniamini nalo kamwe. Nilidhani ile niliyoiharibu uliitupa.

Basi posa ya Projesti ikapita, wewe hupo, na Baba akanikabidhi kopo. "Wewe ndiye mke mkubwa sasa," akasema, "zisafishe umvishe mwenzio." Zilikuwa zimeota ukungu wa kijani na kugandamana. Wifi Leokadia, mwanao mkubwa, akaja siku hiyo hiyo na mfuko wa ndimu na soda chupa nzima, alikuwa ameona kwenye simu watu wanavyosafishia sarafu. "Wifi, safari hii usituaibishe," akasema. "Zing'ae! Watu wa Igurwa watapiga picha." Lile neno "safari hii" liliniingia. Nilijua nikiharibu tena hakuna pengine pa kuzipata, na mimi nitabaki mgeni kutoka Muleba hadi siku nitakapozikwa.

Soda tuliinywa. Ndimu nilizificha, nikabakiza moja.

Nilijaribu kukumbuka ulivyofanya asubuhi ile ya harusi yangu, kabla hujanivisha, nilipokuchungulia kwa dirisha la jirani tulikofikia. Ulikuwa na karai la maji ya mvua, si ya kisima. Nikayapasha yakawa ya uvuguvugu, nikakwarua sabuni ya mche kidogo, nikazilowesha baada ya chai nikaziacha mpaka maharage yalipoiva. Hapo uchafu ulikuwa umelainika wenyewe. Nikachukua kipande cha kanga yako ya zamani, ile ya njano iliyochoka, nikawa nazipapasa moja moja kwa kidole gumba, bila kubonyeza. Ukungu ulipong'ang'ania nilichovya pamba iliyozungushwa kwenye kijiti katika maji ya ndimu, nikagusa pale penye kijani tu, nikasuuza papo hapo kabla ndimu haijaanza kula shaba. Kisha nikazikausha kwa kuzigandamiza na kitambaa, nikazipaka mafuta kidogo sana, yale ya kumpaka mtoto. Hazikung'aa. Zilibaki na rangi ya kahawa iliyokaangwa vizuri, na kila pembe ya ndovu ilionekana mpaka ncha yake.

Na katikati ya zile nzuri nikakuta ile yangu. Hukuitupa. Uliitunga pale pale na wenzake.

Nikaendelea kupapasa, nikafika kwenye nyingine nayo bapa. Nikasema ah, niliharibu mbili? Lakini hii ilikuwa nyeusi, ya zamani, na mikwaruzo yake ilienda mviringo. Nikampelekea Baba aliyekuwa anachambua kahawa uani. Akaisogeza machoni, akaanza kucheka mpaka akashika ubavu. "Hiyo? Hiyo ni ya mama yenu! Aliisugua kwa mchanga wa mtoni alipokuwa bibi harusi. Mama yangu alikaa wiki nzima hasemi naye."

Mama! Miaka kumi na moja! Nilikaa chini pale pale kwenye kahawa ya Baba. Nilicheka, nikalia, nikakukasirikia kidogo, nasema kweli. Ungeniambia tu jioni moja tukimenya ndizi. Nadhani ulikuwa na aibu yako kama mimi nilivyokuwa na yangu, tukafichana katika jiko moja.

Siku ya kumpokea Editha, wifi Leokadia alimpakata badala yako na mimi nikamvisha. Wifi aliziangalia senti, akanong'ona, "Mbona hazing'ai?" Bibi mmoja wa upande wa Igurwa akamjibu kabla yangu kwamba za kwao ziling'arishwa mpaka zikaisha, na hizi bado mtu anazisoma. Baadaye wifi akaniletea soda nyingine, nikaelewa kwamba ndiyo samahani yake.

Sasa sikiliza la juzi. Mwezi wa Editha umefika ukingoni. Natoka shambani na kikapu changu, napita nyuma ya jiko, namkuta amechuchumaa na bakuli, chumvi, majivu, na ndimu zangu nilizoficha! Ameshikilia senti moja anaisugua kwa nguvu zake zote, ulimi umetoka pembeni. Aliponiona akasimama, akaificha mgongoni. Uso ule niliutambua. Nilitaka kupiga kelele. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka, kama ulivyonyoosha wako, na neno "basi" lilikuwa mdomoni.

Nikalimeza. Nikavuta kigoda nikakaa, nikamwambia naye akae, nikamwomba anipe hiyo ya mgongoni. Upande mmoja ulikuwa umekwisha. Akaanza kulia, anasema alitaka tu niseme amezitunza. Nikauweka ule uzi wa senti mapajani mwangu, nikamwonyesha yangu, nikamweleza kila kitu, stili waya na yote. Kisha nikamwonyesha yako. Nisamehe, nimetoa siri yako, na nimeitoa kwa sauti, Baba akisikia na kuongeza chumvi yake. Editha alinitazama akiwa na machozi shavuni, akauliza, "Hata Mama?" Nikamwambia hata Mama. Akacheka kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo, na tukazisafisha zilizobaki pamoja, kwa maji ya mvua, yeye akipapasa na mimi nikiwa nimejikalia mikono nisimnyang'anye.

Kopo sikulirudisha sandukuni. Liko kabatini, juu ya vikombe, na Editha anajua lilipo kama ninavyojua mimi.

Pumzika vizuri, Mama. Baba nitamtunza, na maharage nitajitahidi. Nakuahidi kwamba katika nyumba hii hakuna mke mwingine atakayetumwa kutazama mbuzi sanduku likifunguliwa. Senti ya Editha nimeitunga mwenyewe kati ya yako na yangu. Sasa tuko watatu.

Mkweo.