Macho ya Zenon Yametakata

Chanji,
Sumbawanga.
14 Juni 2024

Mpendwa wifi yangu Agnesi,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo huko Tanga? Mguu wa shemeji Shija umepona? Sisi baridi ndiyo inatuuma, lakini tunaamka salama.

Najua ulisikia kaka yako anaumwa, na simu zilikuwa za kukatikakatika. Acha nikueleze vizuri. Zenon alikwenda Dar es Salaam kufuata bidhaa za duka, akarudi na homa na maumivu ya viungo. Hospitali wakasema ni dengue. Homa ikashuka, nikajua yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Asubuhi moja amekaa barazani, jua likampiga usoni, nikaona macho yake ya njano kama kiini cha yai la kienyeji. Chakula hataki, ubavu wa kulia unamuuma. Tukarudi hospitali. Daktari akapima damu, akasema dengue imejeruhi ini, na Zenon naye ameliongezea mzigo kwa kumeza panadol kupita kipimo kila mwili ulipomuuma.

Nikauliza dawa yake ni nini.

"Mama, ini tulipumzishe," akasema. "Asiguse pombe, wala mizizi, wala kidonge nisichomwandikia. Ale, anywe maji, alale. Ini linaweza kujijenga lenyewe. Ila akitapika sana, akitoka damu au akianza kuchanganyikiwa, mleteni hapo hapo."

Kumbe mama yenu naye yuko njiani kutoka Matai, na chupa ya mizizi aliyoichemsha mwenyewe. Alipofika, wifi, nilipiga magoti. "Mama, nisamehe, hii hatakunywa."

"Rosina, nimemzaa mimi. Unamnyima dawa ya mama yake?"

Unamjua mama alivyo. Zenon akasema kwa sauti ndogo, "Mama, tusubiri kipimo kingine kwanza." Mama akaisukuma chupa uvunguni, na tangu hapo hakunisemesha. Lakini uji wa ulezi alimpikia yeye, na kijiko akakishika yeye.

Wiki zikapita. Siku ya kipimo tulikwenda wote watatu. Daktari akasoma majibu, akatabasamu: vipimo vya ini vimeshuka, karibu vinarudi mahali pake. Mama akamvuta Zenon mpaka dirishani, akamfunua kope kwa kidole. Meupe, wifi! Nilisisimka mwili mzima.

Mama akaweka kiganja ubavuni pa mwanawe, akainamisha kichwa kama yuko kanisani.

"Hakuna aliyelishona ini hili," akasema. "Hakuna hata aliyeligusa."

Kisha akanishika mkono, na hadi tunafika Chanji hakuuachia.

Nasi tungali tunastaajabu. Zenon anakula ugali, mimi namtazama tu, mpaka ananicheka.

Nisalimie Shija, na wanangu Faith na Timoth. Huko kwenu mbu ni wengi, na hawa wa dengue huuma hata mchana: funikeni mapipa ya maji. Mungu awakinge, awazidishie uzima.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye sana,

Rosina