Kamba wa Baba Yako

Jalila mwanangu,

Tangu siku tuliyomzika baba yako sikupika kamba, ila jana. Leo mdogo wako Nasoro kaamka midomo imemvimba. Mamako mkubwa Mwanasaumu akaja, akamtazama, akasema, "Kamrithi babake. Kila akila kamba kwako, alikuja kwangu nimpake dawa."

Mimi hakunambia hata siku moja. Kwangu alisifu mapishi, akaenda kujikuna kwa mke mwenzangu.

Nampeleka Nasoro hospitali kupimwa aleji. Mwaga mchuzi uliobaki, sufuria uisugue vizuri.

~~Mwanasaumu akirudi, mwambie hatupo.~~

Mwanasaumu naenda naye. Daktari atauliza habari za baba, na azijuaye ni yeye.

Mamako