Sukari ya Ciarunji

Mpendwa Mukami,

Huku Manyatta tuko salama. Kahawa imechanua, na babu yako bado analalamikia goti. Umeuliza mbona sitii sukari kwa chai.

Nikiwa msichana, mwalimu alitusimulia juu ya watu wa ng'ambo walioacha kutumia sukari ya mashamba yaliyolimwa na watumwa, wakidai watu wasiuzwe tena. Jioni nikamsimulia nyanya yangu. Dada yake, Ciarunji, alikuwa ametekwa na wauza watumwa wao wawili wakiwa wadogo.

"Walimjua Ciarunji?" akaniuliza.

"Hapana, cucu."

"Na bado wakaacha sukari?"

Akasukuma kikombe chake kando, akalia. Hakuonja sukari tena, nami nikamfuata.

Ukija nitakuwekea vijiko viwili. Kikombe changu kiache hivyo. Ciarunji hajarudi.

Cucu wako