Harusi Iliyopanda kwa Gia ya Nyuma

Mwakio mjukuu wangu,

Huku Mghange tu wazima, ng'ombe amezaa, na dadako ndiye anayeniandikia. Unauliza kama giaboksi uliyobadilisha kwenye kijigari chako cha Jeep itapatana na difu ya zamani, ile inayozungusha magurudumu ya nyuma. Ngoja nikuambie.

Siku ya harusi yangu, babu yako alinichukua kwetu Mbololo na gari lenye giaboksi ngeni, iliyotolewa kwenye gari jingine. Difu ilikuwa ya mbio, si ya mlima. Gia ya kwanza ikashindwa kupanda, na pasta anangoja! Akageuza gari, tukapanda kwa gia ya nyuma, iliyokuwa na nguvu zaidi. Wanawake shambani wakapiga kelele, "Bibi harusi anarudi kwao!" Nilicheka mpaka kanisani.

Wewe bado huna mke wa kukuvumilia. Badilisha difu, mkaidi wangu mpendwa.

Nyanyako